Nimebakisha kilomita 92 kufika Santiago na sitaki ziishe, nifanyeje?

KombeBegani:

Habari zenu wadau wa kutembea. Naandika nikiwa Portomarín, kitanda cha juu, chini yangu kuna mtu anakoroma kama mashine ya kusaga, usingizi umegoma kwa hiyo acha niulize tu.

Nipo kwenye Camino, ile njia ya kale ya mahujaji kwenda kanisa kuu la Santiago, Hispania. Nilianza Saint-Jean-Pied-de-Port kule mpakani Ufaransa tarehe 10 mwezi wa tisa, leo siku ya 31. Wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu kilomita kama mfungwa anavyohesabu siku, malengelenge miguu yote miwili, nilishafikiria kupanda basi nirudi zangu. Ile Meseta, nyanda tambarare baada ya mji wa Burgos, nikazoea, sijui lini, asubuhi moja nikajikuta natembea tu, kichwa kimenyamaza. Na sasa nimeingia Galicia, jimbo la mwisho la njia, nguzo za mawe zimejaa barabarani zinakuandikia kilomita zilizobaki mpaka mita zake, na mimi kila nikiiona moja nageuza uso. Kweli kabisa. Nageuza uso kama mtu anayekwepa mdeni wake. Ngoja, ni mdai sio mdeni, mnanielewa.

Halafu tangu Sarria, mji ambao wengi wanaanzia safari fupi, watu wamefurika, vikundi vya shule, spika za muziki, viatu vipyaaa havina hata vumbi. Najua nao wana haki yao ila roho inauma kidogo, najikuta nawaangalia kama wamevamia nyumba yangu.

Sasa swali langu. Ndege yangu inaondoka Santiago asubuhi ya siku ya tisa kuanzia leo, yaani nina siku nane kamili. Kilomita zilizobaki ni za siku nne kwa mwendo wa kawaida. Wenzangu niliotembea nao tangu Burgos (mzee mmoja mstaafu na mke na mume fulani) wao wanakwenda siku nne moja kwa moja. Je, niende nao halafu nitafute namna ya kutumia siku zilizobaki? Niendelee mpaka Finisterre, kule baharini? Au niwaache waende, mimi nizimung'unye hizi siku taratibu peke yangu? Nataka kuzimung'unya, sitaki kuzitafuna. Mliofika mnisaidie, mlifanyaje siku za mwisho?

Mzee_wa_Mishale:

Marahaba, nakuitikia kabla hujanisalimia binti.

Hilo linalokupata ni la kawaida kabisa. Mimi njia hiyo nimeitembea mara mbili, 2016 na 2022, na mara ya kwanza nililia dukani Palas de Rei. Nilikuwa nanunua dawa ya meno, nikashika ile kubwa, nikairudisha nikachukua ndogo kwa sababu kubwa isingeisha kabla sijafika. Basi. Machozi hapo hapo mbele ya yule mama wa dukani, akadhani nimeumwa jino.

Sasa nikwambie kitu ambacho mara ya kwanza sikukijua. Kinachoharibu siku za mwisho sio wingi wa watu, ni kwamba wote wanalala mahali pamoja. Vitabu vya njia na apu za simu zote zimekata vipande vile vile, Portomarín, Palas, Arzúa, O Pedrouzo, Santiago. Kwa hiyo watu wote wanatoka kwa pamoja na wanafika kwa pamoja, ni wimbi, na wewe uko katikati ya wimbi. Ukilala nusu ya kipande umeshatoka. Wimbi linakupita saa nne asubuhi wewe unakunywa kahawa, likishapita njia inabaki na ng'ombe.

Kilomita zako zinagawanyika vizuri tu. Kesho lala Ventas de Narón, ni 13 tu, na njiani hapo Castromaior pinda kushoto kidogo uingie kwenye ile ngome ya kale ya udongo, ya enzi za chuma, kuta zake bado zimesimama kama mawimbi ya nyasi, na nakuhakikishia mahujaji tisa kati ya kumi wanapita pembeni yake wakiangalia simu. Keshokutwa Palas, 12, ila usiende moja kwa moja. Ukitoka Ventas utakuta msalaba wa jiwe wa Lameiros chini ya mwaloni, wa mwaka 1670, inama uangalie kwenye kitako chake, wamechonga nyundo, misumari na fuvu. Ukishapita Ligonde kuna njia inachepuka kwenda Vilar de Donas, kama kilomita mbili na kitu, kanisa dogo lenye picha ukutani za wanawake waliovaa vilemba, watulivu kabisa, wanakuangalia tu. Mara ya pili nilikaa mle ndani saa nzima na hakuingia mtu. Huko nyuma barabarani walikuwa wanapita mamia. Ulizia kwanza kama pamefunguliwa, siku nyingine panafungwa.

Kisha Melide 15, Ribadiso 11, Salceda 14, Lavacolla 18, na siku ya saba unaingia Santiago na kilomita 10 tu miguuni, hujachoka, una akili zako zote. Siku ya nane unakaa. Hiyo siku ya kukaa usiiguse, nitakwambia.

Jambo la pili, na hili nalisema kwa hasira kidogo: ACHENI kutembea gizani. Galicia iko magharibi kabisa ya Hispania ila saa yao ni ile ile ya huko kati ya Ulaya, mwezi wa kumi jua linatoka saa mbili na nusu. Watu wanatoka kitandani saa kumi na moja alfajiri, taa kichwani, wanakwenda masaa matatu hawaoni chochote zaidi ya kisigino cha mwenzao. Vile vichochoro vya mawe yenye ukoka, mialoni imefunika juu, mvua inadondoka toka kwenye majani hata kama imekatika, vyote wanavipita usiku. Wewe una siku nane, unawahi nini? Wanaowahi wanawahi kitanda. Hosteli za serikali ya Galicia hazipokei oda, zinafungua saa saba mchana na anayetangulia ndiye anayelala. Kwa hiyo lipia hosteli binafsi mapema, piga simu leo upate vitanda vya siku zote saba, hofu ya kitanda ikitoka ndio utaanza kuona njia. Na jua kwamba zile za serikali ni usiku mmoja tu labda uwe mgonjwa, kwa hiyo mtu anayetaka kuvuta siku inabidi asogee kila siku hata kama ni kidogo.

Upo Portomarín si ndio? Kesho kabla hujatoka nenda pale kanisani San Nicolás, lile lililokaa kama ngome. Angalia mawe kwa karibu, utaona namba. Mji wenyewe wa zamani uko chini ya maji ya bwawa la Belesar, mwanzoni mwa miaka ya 1960 walilibomoa kanisa jiwe kwa jiwe, wakayapa namba, wakalipanga upya juu kilimani. Mara ya kwanza nililala hapo, nikala hapo, nikaondoka sijaziona.

SokosiMbichi:

Msikilize mzee dada. Mimi nilifanya kinyume chake na mpaka leo najuta. Nilikuwa Arzúa, nikaona zimebaki 39, nikajiambia nimalize leo leo, nguvu si ninazo. Nikatembea siku nzima kama nafukuzwa, O Pedrouzo nilipita hata maji sikunywa, nikafika uwanja wa Obradoiro saa kumi na mbili jioni na nikisema ukweli nilichokuwa nawaza mbele ya kanisa lile lote ni ukucha. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umebaki ndani ya soksi. Nikamuomba mtu anipige picha, kwenye picha nimefumba macho. Siku 33 za kutembea halafu picha ya mwisho nimefumba macho 😂😂

Na Monte do Gozo sikusimama kabisa. Pale ndipo mahujaji wa zamani walipoona minara ya kanisa mara ya kwanza, ndio maana pakaitwa mlima wa furaha. Kuna sanamu mbili za mahujaji wameinua mikono kuionyesha minara, ila haziko njiani, inabidi ushuke pembeni kwenye majani. Mimi nilikuja kuziona kwenye picha za watu wengine.

PumziYaPili:

Mimi nampinga mzee kidogo, kwa heshima zote.

Mipango ya vituo iko safi, sina neno. Ila kwenye kuwaacha wenzako fikiria mara mbili. Nilikuwa kama wewe, nilitembea na dada watatu toka León, mimi nikaona wanapiga kelele, nataka utulivu wangu, nataka kufaidi, basi nikawaambia tangulieni. Nikalala peke yangu Salceda, kweli palikuwa patulivu, nikaandika kwenye daftari kurasa sita ambazo sijawahi kuzisoma tena. Nikaingia Santiago siku mbili baada yao. Sasa unajua unavyoingia, unapita Porta do Camiño, vichochoro, unashuka zile ngazi chini ya upinde, kuna mtu anapuliza zumari la mfuko, unatokea uwanjani. Uwanja umejaa watu wamekumbatiana wanalia. Wameanguka chini kwenye mawe na mabegi yao. Na mimi nimesimama na fimbo, simjui hata mmoja. Wale dada walishapanda ndege asubuhi ile.

Utulivu ungenisubiri, wale dada hawakuweza kunisubiri, ndivyo ninavyojiambia sasa hivi. Huyo mzee mstaafu uliyetembea naye wiki tatu anajua unavyokoroma, anajua mguu gani unakuuma. Ukifika na yeye mmefika. Ukifika peke yako umewasili tu kama mzigo.

Mzee_wa_Mishale:

PumziYaPili hapo umenigusa, sikufikiria upande huo, mara zote nilikuwa peke yangu toka mwanzo. Basi binti waulize wana muda gani Santiago. Wakiwa na siku mbili tatu mji ule ni mdogo, mtakutana. Ndio ile siku ya nane niliyosema usiiguse. Kaa uwanjani kuanzia saa nne, kwenye mawe, mgongo ukutani, uangalie wengine wakiingia. Mimi siku niliyoingia mwenyewe nilikuwa kama nimepigwa na kitu kizito kichwani, sikumbuki vizuri. Kesho yake nilikaa pale nikaona jamaa mmoja niliyemuacha nyuma Astorga na goti limevimba, nilishajua amekata tamaa amerudi kwao, anatokea pale kwenye upinde anachechemea. Niliruka. Ile ndio siku niliyofika mimi.

KombeBegani:

Shikamoo mzee, na asanteni wote. PumziYaPili umeniliza kitandani jana saa sita usiku.

Nimeongea nao asubuhi kwenye chai. Mke na mume wanaondoka siku hiyo hiyo wakifika, wao tumeagana leo, tumekumbatiana barabarani pale Gonzar na malori yanatupita. Yule mzee kumbe naye hana haraka, alikuwa anajikaza kwa ajili yetu! Wiki tatu kila mtu anajikaza kwa ajili ya mwenzake. Anasema goti lake limeshukuru. Kwa hiyo tunakwenda wawili kwa ratiba ya mzee wa mishale, kila mtu mwendo wake, tunakutana jioni.

Na namba kwenye mawe nimeziona! Nyingine zimefifia ila zipo. Nilisimama pale naweka kidole juu ya kila moja mpaka sista mmoja akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Maswali mawili madogo. Mihuri inakuwaje huku mwisho, na lile chetezo kubwa la kanisani wanalirusha saa ngapi?

HujajiMvivu:

Mihuri: kilomita 100 za mwisho unatakiwa uwe na angalau miwili kwa siku kwenye ile pasipoti ya hija, hata kama umetoka mbali kama wewe. Mmoja wa unapolala, mwingine popote, baa, kanisa, hosteli. Ushauri wangu wa mvivu, usigonge kila baa kama watoto wanaokusanya stika. Chagua miwili unayotaka kuikumbuka. Makanisa madogo ya njiani mara nyingi kuna mzee amekaa mlangoni na mhuri wake na ana hamu ya kuongea kuliko ya kugonga.

Chetezo, Botafumeiro, halirushwi kila siku. Ni sikukuu fulani za kanisa, na siku nyingine ni pale kikundi kimeliomba na kuchangia. Lina kilo zaidi ya 50 na watu wanane wanalivuta kwa kamba. Ukilikuta bahati yako, usilipangie safari. Misa ya mahujaji ya saa sita mchana wahi nusu saa kabla, na begi kubwa hauingii nalo, liache hosteli. Cheti cha Compostela unachukua ofisi ya mahujaji Rúa das Carretas, ni bure, jina lako wanaliandika kwa Kilatini, mimi langu lilitoka kama la papa.

Kuhusu Finisterre naona hamkumjibu. Ni kama kilomita 90 nyingine, siku tatu ngumu au nne. Ungekwenda siku nne Santiago na nne Finisterre ungefika ufukweni jioni ya siku ya nane na ndege asubuhi, upande basi usiku, hapana. Iache. Ni nzuri, ile siku unaiona bahari mara ya kwanza kabla ya Cee unakaa chini tu, na kule mwisho kwenye mnara wa taa kuna nguzo ya kilomita 0. Ila wengi wanaoendelea ni kwa sababu wanaogopa kusimama, mimi nikiwemo. Nilifika nguzo ya sifuri nikatafuta mshale mwingine wa njano, ile inayotuonyesha njia. Nikazunguka mnara mzima nautafuta. Na msichome nguo kule kwenye miamba tafadhali, watu waliona ni mila kumbe wanaacha takataka nyeusi kila mahali.

SokosiMbichi:

Kuhusu mishale, dada ulipopita O Cebreiro uliiona sanamu ya yule padri Elías Valiña? Ndiye aliyeipaka ile mishale miaka ya 1980, njia ilikuwa karibu imesahaulika. Nasikia rangi aliyotumia ilikuwa ya barabarani. Nilipita pale nikadhani ni mtakatifu fulani tu.

KombeBegani:

Nilipiga naye selfi bila kumjua 🙈

Nawapa mrejesho, leo tupo Ribadiso. Jana Melide tumekula pweza, ule wa sahani ya mbao, mafuta, chumvi ya mawe na pilipili nyekundu ya unga, mzee wangu alisema hali mnyama mwenye miguu mingi kuliko yake halafu akala sahani mbili. Kabla yake pale Leboreiro tuliona ghala la mahindi limesukwa kwa vijiti kama kikapu kikubwa chenye kofia, nimelichora kwenye daftari. Nachora sasa. Nilikuwa sichori.

Watu wameongezeka kweli toka Melide, ile njia ya kutoka Oviedo inaungana pale, lakini mzee umesema kweli kuhusu wimbi, saa nne asubuhi linapita tunalipungia mkono. Na nimegundua kitu, wale wa spika za muziki, leo mmoja wao nimemkuta amekaa kwenye jiwe anafunga lengelenge lake la kwanza, amelifunga vibaya kabisa. Nimekaa nikalifungua nikalifunga upya, nimempa na plasta zangu zote, mimi sina haja nazo tena. Ameniuliza nimetoka wapi nikasema Saint-Jean, akanyamaza, halafu akauliza siku ya ngapi inaacha kuuma.

Hapa kuna daraja la mawe la zamani na hosteli iko ukingoni mwa mto, ilikuwa hospitali ya mahujaji zamani. Ngazi zinashuka mpaka majini. Tumekaa kwenye ngazi, maji ya baridi mpaka vifundoni, mzee ana miguu myeupe kama karatasi kuanzia mstari wa soksi kwenda chini na mwekundu kuanzia hapo kwenda juu. Nguzo ya hapa sijaiangalia. Anasema ni arobaini na kitu, nimemwambia anyamaze.